Mgonjwa wa Moyo na Dozi Pungufu

Mgonjwa anayerudi kliniki ya moyo akiwa amevimba miguu, anahema kwa shida na halali ila ameegemea mito mitatu, humwachia daktari maswali mawili ya kujibu. La kwanza ni iwapo ugonjwa wenyewe umesonga mbele. La pili, ambalo aghalabu halipewi nafasi yake, ni kiasi gani cha dawa zilizoandikwa katika faili kimeingia mwilini mwake tangu alipoonekana mara ya mwisho. Faili laweza kuonyesha dawa nne kwa dozi kamili, ilhali mwili umepokea mbili tu, na hizo mbili kwa nusu. Daktari asiyeuliza swali la pili huishia kuongeza dawa ya tano.

Tunaposema dozi pungufu tuna maana ya hali yoyote ambamo mgonjwa hupata dawa kidogo kuliko alivyopangiwa. Yumo anayekata kidonge katikati, anayemeza asubuhi na kuacha jioni, anayekaa wiki moja ya kila mwezi bila dawa kwa kuwa zimekwisha, na hata yule anayemeza kila siku bila kukosa lakini kidonge alichopewa kina miligramu chache kuliko kile cha awali, naye hajui. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2003 kuhusu tiba za muda mrefu, lilieleza kwamba katika nchi zilizoendelea ni wastani wa asilimia 50 tu ya wagonjwa wa magonjwa sugu wanaofuata tiba ipasavyo, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango ni cha chini zaidi. Kwa hiyo si tabia ya wasiosoma wala ya maskini peke yao. Katika kliniki nimewaona wahasibu na walimu wa vyuo wakifanya yaleyale yanayofanywa na mkulima aliyetoka kijijini.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito wa pekee katika magonjwa ya moyo? Ni kwa sababu dawa za moyo hazifanani na dawa za malaria au za maumivu. Mgonjwa wa malaria humeza siku tatu, homa ikashuka, na kazi ikaisha. Dawa ya maumivu hujieleza yenyewe: maumivu yakirudi, mtu humeza tena. Dawa nyingi za moyo hazina mwisho unaoonekana, wala hazimwambii mgonjwa kwamba zinafanya kazi.

Chukua ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, ambao ndio unaojaza wodi zetu. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 wenye tatizo hili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na katika asilimia 45 chanzo kilikuwa shinikizo la juu la damu. Hawa si vikongwe. Ni watu wenye watoto wanaosoma, wenye biashara na mashamba.

Moyo uliodhoofika husukuma damu kidogo. Figo, zikipokea damu kidogo, hufasiri vibaya hali hiyo: huchukulia kwamba mwili umepoteza damu au maji, kama inavyokuwa kwa mtu aliyejeruhiwa au aliyeharisha sana. Kwa hiyo huanzisha mfululizo wa homoni unaobakiza chumvi na maji na kuibana mishipa ya damu. Adrenalini nayo hupanda na kuuhimiza moyo upige kwa kasi. Kwa aliyejeruhiwa, mpango huu huokoa maisha. Kwa mwenye moyo dhaifu ni mzigo juu ya mzigo, maana moyo uleule uliochoka sasa unasukuma damu nyingi zaidi, katika mishipa iliyobanwa zaidi, kwa kasi kubwa zaidi. Miezi ikipita hutanuka, kuta zake hubadilika umbo, na nguvu zake huzidi kupungua.

Dawa kuu za tiba hii huukata mzunguko huo mahali mbalimbali. Enalaprili na jamaa zake huzuia homoni zinazobana mishipa. Kavediloli, bisoprololi na metoprololi huukinga moyo dhidi ya adrenalini. Spironolaktoni huzuia homoni inayobakiza chumvi. Katika miaka ya karibuni limeongezwa kundi la nne, la dawa zilizoanza kama tiba ya kisukari, mfano wake dapagliflozini. Mbali na hizo ipo furosemidi, ambayo wagonjwa wengi huijua kwa jina la Lasix au huiita tu dawa ya mkojo.

Katika dawa zote hizi, furosemidi ndiyo inayojionyesha. Ndani ya saa moja mkojo unakuja, na baada ya siku chache uvimbe umepungua na pumzi imerudi. Mgonjwa huiamini kwa kuwa ameiona ikifanya kazi. Enalaprili na spironolaktoni hufanya kazi kimyakimya. Kavediloli, katika wiki za mwanzo, yaweza hata kumchosha. Basi fedha zinapopungua, mgonjwa hubaki na dawa anayoihisi na kuziacha asizozihisi. Uamuzi huo una mantiki yake, na hapo ndipo ilipo hatari yake: furosemidi huondoa maji na kumpa mtu nafuu, lakini dawa zilizothibitishwa kwa tafiti kubwa kwamba hurefusha maisha ya mgonjwa ambaye nguvu za moyo wake wa kusukuma zimepungua ni zile alizoziacha. Anajiona ni mzima, huku moyo wake ukiendelea kutanuka.

Ushahidi wa manufaa ya dawa hizo si haba. Mwaka 1987 utafiti wa Ulaya ya Kaskazini uliopewa jina la CONSENSUS uliwahusisha wagonjwa 253 ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika kupita kiasi. Baada ya miezi sita, asilimia 44 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa wamefariki. Kati ya waliopewa enalaprili, asilimia 26. Mwaka 1999 tafiti mbili kubwa, moja ya bisoprololi na nyingine ya metoprololi ya kutolewa taratibu mwilini, kila moja ilionyesha vifo kupungua kwa asilimia 34. Mwaka huohuo spironolaktoni, iliyotolewa kwa wagonjwa mahututi zaidi, ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Wote hao walipandishiwa dozi kwa kadiri walivyoweza kuistahimili. Anayemeza nusu ya kiasi hicho hawezi kudai faida yote iliyoandikwa vitabuni.

Je, nusu ya dozi huleta nusu ya faida? Hesabu si nyepesi kiasi hicho. Utafiti wa ATLAS, uliochapishwa mwaka 1999 pia, ulilinganisha dozi ndogo na dozi kubwa ya lisinoprili, ndugu wa enalaprili, kwa wagonjwa zaidi ya 3,000. Tofauti ya vifo ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati nasibu. Lakini kulazwa hospitali kwa sababu ya moyo kushindwa kulikuwa pungufu kwa asilimia 24 katika kundi la dozi kubwa. Kwa maneno mengine, dozi ndogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na dozi kubwa humwepusha mgonjwa na wodi. Kwa familia ambayo kulazwa mara moja humaliza akiba ya mwaka mzima, hilo si jambo dogo.

Hapa nidokeze jambo ambalo wanafunzi wangu hulifurahia. Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1980 kuhusu wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo, watu waliomeza kidonge kisicho na dawa kwa uaminifu, yaani asilimia 80 au zaidi ya vidonge walivyopangiwa, walikuwa na vifo takriban asilimia 15 katika miaka mitano. Waliomeza kidonge hichohicho kwa kusuasua, takriban asilimia 28. Kidonge hakikuwa na chochote ndani. Maana yake ni kwamba anayefuata tiba kwa uangalifu aghalabu ana mambo mengine yanayomlinda: mlo, usingizi, mwenzi anayemkumbusha, kipato kisichoyumba. Tunapomwona asiyemeza dawa akizidiwa, tusiseme upesi kwamba ni kidonge peke yake. Huenda maisha yaliyomfanya akose kidonge yanamdhuru kwa njia nyingine pia.

Tuje kwenye sababu. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 54 anayeuza chakula kando ya kituo cha mabasi. Ameandikiwa kavediloli, kidonge kimoja kutwa mara mbili, yaani vidonge 60 kwa mwezi. Akimeza asubuhi tu, vidonge hivyo vitafika miezi miwili. Hajaacha dawa, wala haoni kwamba amemdanganya mtu. Daktari akimuuliza, "Mama, dawa unatumia?" atajibu, "Natumia, daktari, kila siku," na atakuwa amesema kweli. Lakini kavediloli hupangwa mara mbili kwa sababu nguvu yake hupungua kabla ya siku kwisha. Kila usiku moyo wake hubaki bila kinga.

Mama huyu hahitaji karipio. Anahitaji mtu wa kumuuliza dawa zinamgharimu kiasi gani, na kuangalia kama ipo iliyo nafuu inayofanya kazi ileile, au ya kumeza mara moja kwa siku. Mgonjwa akisema waziwazi kwamba fedha hazitoshi, daktari ana la kufanya. Asiposema, daktari ataandika cheti kizuri cha dawa ambazo hazitanunuliwa. Na ikiwa kweli hapana budi kununua dawa chache, uchaguzi wa ipi ibaki na ipi ingoje usifanywe dirishani pa duka la dawa. Ufanywe na aliyeziandika.

Sababu nyingine haina uhusiano na umaskini wala uzembe. Mwezi uliopita duka lilikuwa na vidonge vya kavediloli vya miligramu 25. Mwezi huu vimebaki vya miligramu 6.25. Bahasha zote mbili zimeandikwa vilevile: kidonge 1, kutwa mara 2. Mgonjwa hajakosa hata siku moja, na dozi yake imeshuka hadi robo. Baada ya wiki tatu miguu inavimba, na kila mmoja anamtazama kwa jicho la shaka. Kinyume chake nacho ni cha hatari: siku vidonge vya miligramu 25 vinaporudi dukani, dozi inaruka mara nne kwa usiku mmoja, mapigo yanapungua mno, na mgonjwa anaanguka bafuni. Ndiyo maana namsihi kila mtoa dawa aandike miligramu juu ya bahasha, na kila mgonjwa ajifunze kutaja dawa yake kwa jina na miligramu zake badala ya kusema "ile nyeupe ndogo". Rangi na umbo hubadilika kila kiwanda kinapobadilika.

Kuhusu kukata vidonge, vile vyenye mstari katikati kwa kawaida hukatika salama endapo daktari ameagiza. Vile vilivyotengenezwa ili vitoe dawa taratibu, kama nifedipini ya aina hiyo, havikatwi wala havisagwi: ukivikata, dawa ya siku nzima inaweza kumwagika mwilini kwa saa chache, kisha muda uliobaki ukapita bila dawa.

Furosemidi nayo ina kisa chake. Mgonjwa anayesafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Mwanza hawezi kumeza dawa itakayomfanya aombe gari lisimame kila nusu saa. Vivyo hivyo mwalimu aliye darasani, mlinzi aliye langoni, na mwanamke anayefanya kazi sokoni ambako choo ni cha kulipia. Basi huiacha siku hiyo, na kesho yake, na siku ya tatu amevimba. Wachache wameambiwa kwamba saa ya kumeza yaweza kusogezwa. Nguvu ya kidonge cha furosemidi hukaa takriban saa sita. Anayefika kazini saa mbili asubuhi na kurudi saa tisa alasiri anaweza, kwa makubaliano na daktari wake, kumeza akisharudi, mradi isiwe usiku sana ikamnyima usingizi. Swali la dakika moja kliniki, "Siku yako hupitaje?", lingezuia kulazwa kwingi.

Lipo pia suala la kikohozi. Enalaprili na jamaa zake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, cha kukereketa kooni, kinachozidi usiku. Wengi huhangaika na dawa za maji za kifua, wengine hupimwa kifua kikuu mara mbili, mwishowe huacha enalaprili wenyewe na kuona kikohozi kimekwisha baada ya wiki kadhaa. Wasilojua ni kwamba ipo losartani na dawa nyingine za kundi lake, ambazo mara chache sana huleta kikohozi. Hata hivyo tahadhari inahitajika, kwa kuwa kikohozi kwa mgonjwa wa moyo chaweza pia kuwa dalili ya maji kwenye mapafu, na hapo kuacha dawa ni kuongeza moto kuni. Atakayetofautisha ni aliyempima.

Wanaume huacha dawa kwa sababu ambayo hawaisemi mbele ya muuguzi kijana: nguvu za kiume. Ni kweli baadhi ya dawa za moyo na za shinikizo la damu zaweza kuchangia. Ni kweli pia kwamba ugonjwa wa moyo wenyewe, kisukari, na wasiwasi wa mtu aliyeambiwa ana ugonjwa wa moyo huchangia, pengine zaidi. Mzee anayeacha dawa kimya kimya na kununua vidonge vya kuongeza nguvu amejiweka katika hatari mbili. Na kama anatumia dawa za nitrati kwa ajili ya maumivu ya kifua, mchanganyiko huo unaweza kushusha shinikizo la damu hadi kufa. Mwenye tatizo hili na aombe kuonana na daktari faraghani. Hatacheka mtu.

Wapo wanaoacha kwa sababu wamepata nafuu. "Daktari, nilipima presha ikawa nzuri, nikaona nipumzishe mwili." Shinikizo lilikuwa zuri kwa sababu ya dawa. Na kwa moyo kushindwa tuna jibu la wazi zaidi. Watafiti wa Uingereza waliwachukua watu 51 ambao mioyo yao, iliyokuwa imetanuka na kudhoofika, ilikuwa imerudi katika hali ya kawaida kwa tiba, wakiwa hawana dalili yoyote. Nusu yao waliachishwa dawa taratibu chini ya uangalizi, nusu wakaendelea. Katika miezi sita, asilimia 44 ya walioachishwa ugonjwa uliwarudia. Kati ya walioendelea, hakuna hata mmoja. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2018. Nafuu ile ilikuwa ugonjwa uliotulizwa. Kwa wengi haikuwa kupona.

Hofu kwamba dawa zitaharibu figo nayo imeenea, na haina budi kujibiwa kwa heshima kwa sababu ina chembe ya ukweli. Enalaprili, losartani na spironolaktoni zinaweza kubadili vipimo vya figo na kupandisha potasiamu katika damu, ndiyo maana tunapima kabla ya kuanza na baada ya kupandisha dozi. Lakini kilichoharibu figo za wengi tunaowapeleka kusafishwa damu ni shinikizo la damu lisilodhibitiwa kwa miaka, pamoja na kisukari. Anayeacha dawa ili kuzilinda figo zake aghalabu huzipeleka kulekule alikokuwa akikukimbia.

Ziko dawa ambazo kukatika kwake hakusamehewi. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu. Mtu akisahau siku moja, athari huwa ndogo. Kwa bisoprololi, atenololi na kavediloli, kuacha ghafla kunaweza kuamsha maumivu makali ya kifua na hata shambulio la moyo kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Zikilazimika kuachwa, huachwa hatua kwa hatua. Mwenye valvu ya chuma ambaye haipati warfarini ya kutosha yumo katika hatari kubwa kuliko wote, maana damu huganda juu ya valvu na kuizuia isifunguke, au bonge la damu husafiri hadi ubongoni na kumpoozesha. Wengi wa wagonjwa hao ni vijana walioharibiwa valvu na homa ya baridi yabisi ya moyo utotoni. Nao hao, pamoja na wadogo zao ambao bado hawajafanyiwa upasuaji, hupangiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Kuruka sindano kwa kuwa mtoto "anaonekana mzima" ni kuyapa maradhi nafasi ya kurudi na kuila valvu. Kuhusu warfarini na mboga za majani: mchicha, kisamvu na matembele hupunguza nguvu yake, lakini dawa haikatazi mboga. Inataka ulaji usioyumba, kiasi kilekile wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kulingana nacho.

Sasa niwageukie wenzangu wa upande wa pili wa meza. Dozi pungufu haitoki kwa mgonjwa peke yake. Ni jambo la kawaida kukuta mgonjwa aliyeanzishiwa enalaprili miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, akahudhuria kliniki mwaka mzima, shinikizo na figo zikiwa zinaruhusu, na cheti kikaendelea kunakiliwa vilevile, "endelea na dawa". Lengo la enalaprili ni miligramu 10 hadi 20 mara mbili kwa siku. Kavediloli huanza na 3.125 na kulenga 25 mara mbili kwa siku. Dozi ya kuanzia ni mlango wa kuingilia, nasi tunawaacha wagonjwa wamesimama mlangoni. Utafiti wa STRONG-HF, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wagonjwa waliopandishiwa dozi hadi kiwango kamili ndani ya wiki mbili baada ya kutoka hospitali, wakichunguzwa mara kwa mara, walipatwa na kifo au kulazwa tena kwa asilimia 15.2 katika siku 180, ikilinganishwa na asilimia 23.3 kwa waliohudumiwa kwa mwendo wa kawaida. Si kila hospitali ya wilaya inaweza kumwona mgonjwa kila wiki, lakini miezi mitatu kati ya kuruhusiwa na ziara ya kwanza ni mingi mno.

Kabla ya kupandisha, uliza. Na namna ya kuuliza ndiyo kazi yenyewe. "Dawa unameza vizuri?" ni swali lenye jibu moja tu. Afadhali: "Watu wengi hupitiwa na dawa au huzipunguza kwa sababu mbalimbali. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulikosa?" Kisha mwombe akuonyeshe vidonge vyenyewe, uvihesabu mbele yake bila kukunja uso. Kumbuka pia kwamba wagonjwa wengi huimarika katika kumeza dawa takriban siku tano kabla ya siku ya kliniki na siku tano baada yake. Presha nzuri ya siku ya kliniki haisemi habari ya mwezi mzima.

Hatari kubwa zaidi huja wodini. Mgonjwa ambaye nyumbani amekuwa akimeza nusu ya dawa, kisha akaongezewa kwa kuwa "hazifanyi kazi", analazwa. Muuguzi mwaminifu anampa kila kilichoandikwa, kwa saa yake. Kwa mara ya kwanza mwili unapokea dozi zote kamili kwa pamoja, na usiku wa pili shinikizo limeshuka, mapigo yamepungua na figo zimegoma. Hakuna aliyekosea katika kutoa dawa. Kilichokosekana ni swali siku ya kulazwa. Aliyekuwa hamezi aanzishwe upya kutoka chini, hasa dawa za kundi la kavediloli, ambazo hazianzishwi kwa dozi kubwa wakati maji yangali yamejaa mapafuni.

Si kila dozi ndogo ni pungufu, hata hivyo. Mzee wa miaka 80 mwenye shinikizo la chini, mwenye figo dhaifu au ambaye potasiamu yake hupanda, anaweza kuwa amewekwa kwenye dozi ndogo kwa makusudi, na hiyo ndiyo dozi yake kamili. Mgonjwa asijilinganishe na jirani, wala asimgawie mwenzake vidonge kwa hoja kwamba presha yao ni moja. Mwanamke anayetarajia kushika mimba amweleze daktari mapema, kwani enalaprili, losartani, spironolaktoni na warfarini zinaweza kumdhuru mtoto tumboni na zina mbadala. Anayekusudia kufunga Ramadhani afike kliniki wiki chache kabla, ili dawa zipangwe kati ya futari na daku badala ya kuzipunguza mwenyewe, au aelezwe wazi kama hali yake haimruhusu kufunga.

Ukisahau dozi, meza utakapokumbuka. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, acha iliyopita na uendelee na ratiba. Usimeze mbili kwa pamoja. Kwa warfarini, ukikumbuka siku ileile meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na ya siku hiyo tu, na uwaambie kliniki. Ukipatwa na kuharisha au kutapika kwa wingi hadi ukashindwa kunywa, wasiliana na kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu furosemidi, spironolaktoni na enalaprili zikikutana na mwili uliokauka zinaweza kuziumiza figo, na huenda ukaelekezwa kuzisimamisha kwa siku chache na tarehe ya kuzirudia.

Mwenye mzani nyumbani ajipime kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chai, aandike namba kwenye daftari. Ongezeko la kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu ni maji, si unene, na aje kliniki kabla pumzi haijaanza kubana. Aje na daftari hilo, na vidonge vyote vilivyobaki, vikiwemo vile alivyoviacha.